Mwenye Lango na Mwenye Hukumu



Mtu atokaye Karatu kwenda Ngorongoro hupita kando ya mashamba ya kahawa, ya mahindi na ya ngano, kisha hufika Lodoare, mahali msitu unapoanza na barabara inapoanza kupanda. Hapo pana lango, naye hana budi kusimama. Mgeni wa ng'ambo hulipa kiingilio chake. Dereva wa lori la mahindi hukaguliwa. Mwenyeji huulizwa atokako na aendako. Ng'ambo ya lango hilo huishi watu wapatao laki moja, walio wengi wao Wamasai. Kwetu sisi wengine lango ni mahali pa kupita tu. Kwao ni mlango wa nyumba yao wenyewe, na ufunguo wake u mkononi mwa mtu mwingine.

Juma hili twataka kuuliza swali ambalo limetusumbua muda mrefu. Je, yule aliyepewa kazi ya kulinda mali na kukusanya mapato yake aweza pia kuwa ndiye anayesikiliza mashtaka ya watu wanaoishi juu ya mali hiyo? Tena, yule mtumishi wa chini anayeletewa amri kutoka juu, amri inayohusu ardhi ya watu anaokaa nao kila siku, je, dhamiri yake hutulia akisema tu, "Nimetumwa"?

Hatuandiki ili kumtukana mtu. Wako katika ofisi za wilaya na katika ofisi za hifadhi wanaume na wanawake waadilifu, na wengine wao husoma gazeti hili. Ndio hasa tunaotaka kuzungumza nao.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasimuliwa habari za Naboti na shamba lake la mizabibu. Kisa hiki hata watoto wa katekisimu hukijua, nao huwalaani Ahabu na Yezebeli kwa moyo wote. Lakini liko kundi la tatu ambalo karibu sote hulisahau. Yezebeli hakumwua Naboti kwa mkono wake, wala hakutuma jeshi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wazee na wakuu waliokaa katika mji ule ule wa Naboti. Watu hao walimjua Naboti. Bila shaka walikwisha kula mezani pake, na watoto wao walicheza na watoto wake. Wakasoma barua, wakafanya kama ilivyoandikwa. Palikuwa na kikao. Palikuwa na mashahidi wawili kama sheria ilivyodai. Palikuwa na hukumu. Kwa mtu aliyepita njiani siku ile mji ulikuwa shwari, na kila jambo lilikwenda kwa utaratibu.

Tuangalie pia kwamba Ahabu hakuanza kwa ujeuri. Alitoa fidia: shamba jingine lililo bora zaidi, au fedha taslimu. Wengi wetu tungesema mfalme yule alikuwa mwungwana. Ila wale wawili hawakuwa wakizungumza habari ya kitu kimoja. Ahabu aliona bustani ya mboga iliyo karibu na jumba lake. Naboti aliona urithi wa baba zake. Palipo na tofauti ya namna hiyo, bei nzuri haitoshi kuimaliza, na ndiyo maana panahitajika mtu wa tatu wa kuamua. Mtu wa tatu hakuwapo. Mwenye kulitaka shamba ndiye aliyekuwa na muhuri.

Wahenga wetu walilisema jambo hili kwa ucheshi: kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Sisi hucheka, kisha huijenga nchi kama kwamba hatukusikia. Wala si sisi peke yetu. Tutauomba uvumilivu wa msomaji twende mbali kidogo, mpaka Wales, nchi ndogo ya milima iliyo magharibi ya Uingereza, kwa maana huko nako palikuwa na habari ya malango.

Miaka ya 1830 na 1840 wakulima wa kusini-magharibi mwa Wales walikuwa maskini sana. Mvua ziliharibu mavuno, bei ya mifugo ilianguka, na kodi za mashamba hazikushuka. Barabara zao zilikuwa chini ya vyama vya matengenezo vilivyokuwa na idhini ya kuweka malango na kutoza ushuru kila gari lipitalo. Udongo wao ni mchungu, hauzai vema pasipo kutiwa chokaa. Basi mkulima alikwenda na gari lake kununua chokaa, na njiani akalipa lango baada ya lango, hata ushuru ukashindana na bei ya chokaa yenyewe. Akitaka kulalamika, alikwenda kwa nani? Kwa hakimu wa amani wa wilaya yake. Na hakimu huyo mara nyingi alikuwa bwana shamba yule yule anayemlipa kodi, tena mjumbe wa chama kile kile chenye lango. Isitoshe, mahakama iliendeshwa kwa Kiingereza, na mkulima alizungumza Kiwelsh.

Mei 1839 lango la Efailwen lilivunjwa usiku. Baada ya kimya cha miaka kadhaa, mwaka 1843 malango yalivunjwa kwa makumi. Wanaume walivaa nguo za kike na kupaka nyuso masizi, na kiongozi wao waliyemfuata kila mahali walimwita Rebeka. Watu wengi huamini kwamba jina hilo lilitoka katika Kitabu cha Mwanzo, katika baraka aliyopewa Rebeka alipoondoka kwao, kwamba uzao wake utayamiliki malango ya adui zao. Watu wale walikuwa wasomaji wa Biblia, na wanyonge huisoma Biblia kwa macho makali.

Wakuu walifanyaje? Katika wilaya ya Carmarthen mambo yaliongozwa na George Rice Trevor, aliyeshika nafasi ya baba yake katika uwakilishi wa Malkia. Alikuwa mrithi wa shamba kubwa la Dynevor, alikuwa mbunge, na sasa akawa msimamizi wa usalama. Hatuna sababu ya kumwita mtu mbaya. Aliita askari, kwa kuwa ndiyo kazi ya msimamizi wa usalama. Nao wafuasi wa Rebeka wakachimba kaburi ndani ya shamba lake, wakamtangazia siku atakayolazwa humo. Hakulazwa, Mungu ashukuriwe. Walakini kaburi lile lasema jambo ambalo ripoti za polisi hazikulisema: watu hawakuweza tena kumtenga bwana shamba na mbunge, wala mbunge na mlinzi wa amani. Kila walipogeuka waliona uso ule ule.

Hatutaki kumpamba Rebeka. Septemba 1843, katika lango la Hendy, alipigwa risasi akafa mama mzee mlinzi wa lango, Sarah Williams. Hakuwa bwana shamba; alikuwa maskini anayekusanya ushuru wa wengine ili apate chakula. Jopo lililokaa kuchunguza kifo chake likasema halikujua kilichokisababisha. Watu waliogopa. Ndivyo ilivyo: haki inapokosa kiti, hata waliodhulumiwa hujifunza kusema uongo, na aumiaye kwanza huwa mtumishi mdogo wa langoni.

Turudi kwetu. Karatu na Oldeani ni nchi iliyoonja mapema utawala wa mkono mmoja. Katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi, wengi wao Wajerumani, walifungua mashamba ya kahawa na ngano kwenye miteremko hiyo yenye udongo mzuri. Vita vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani waliwekwa kizuizini, na mashamba yao yakawekwa chini ya mtunzaji wa mali za maadui, yaani chini ya Serikali ya Mwingereza yenyewe. Basi Serikali iliyokuwa ikitoza kodi na kuhukumu ikawa pia mwangalizi wa kahawa. Karibu nao waliishi Wairaqw wa Mbulu, watu waliokuwa wakiongezeka na kutafuta mahali pa kulima na kuchunga.

Jambo la namna hii lilifika upeo wake si Karatu bali Meru, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa. Mwishoni mwa mwaka 1951 watu wapatao elfu tatu waliondolewa Ngare Nanyuki ili yapatikane mashamba kumi na matatu ya Wazungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walipewa fidia na mahali pengine pa kukaa, nao, kama Naboti, wakakataa kuipokea. Malalamiko yao yalianzia kwa Bwana Shauri, yakapanda kwa mkubwa wa jimbo, yakafika kwa Gavana, na kila mlango ulikuwa wa nyumba ile ile. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, palikuwa na mlango mmoja zaidi, nao ulikuwa New York. Julai 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza shida ya watu wake. Hakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini mtu aliyevuka bahari ili asikilizwe alitufundisha jinsi milango ya nyumbani ilivyokuwa imefungwa.

Neno "mdhamini" tulishike vizuri, kwa sababu ndilo kiini cha hoja yetu. Mdhamini si mwenye mali. Mali hukaa mkononi mwake kwa ajili ya mwingine, kama mjomba anayetunza mashamba ya yatima. Aweza kupanda, kuvuna, kuuza mavuno, hata kumkataza yatima asikate miti. Lakini siku yatima akisema, "Mjomba, hapa umenipunja," mjomba hawezi kukaa kitini na kujiamulia. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zasema vivyo hivyo: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia wote. Hakuna ofisi, iwe ndogo au kubwa, iliyofanywa kuwa bwana shamba.

Sasa tufike Ngorongoro yenyewe. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilikuwa pamoja na Kreta, na wakazi walikuwamo ndani yake. Ulipofika mwaka 1954 walikatazwa kulima, na ghasia zikaanza. Baada ya mabishano mengi na kamati ya uchunguzi ya mwaka 1957, nchi iligawanywa. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia alama zao chini ya maandishi kwamba wangeiacha Serengeti ya magharibi, na mwaka 1959 ikatungwa sheria ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro, ambamo watu, mifugo na wanyama wa pori wangekaa pamoja. Agosti mwaka huo Gavana Richard Turnbull alisema mbele ya baraza la Wamasai kwamba Serikali ilikusudia kuliendeleza eneo kwa faida ya watu wanaolitumia, na kwamba masilahi ya wanyama na ya wakazi yakigongana, ya wakazi yatatangulia.

Neno hilo lilikuwa la mkoloni, na wako wasemao kwamba kwa sababu hiyo halitufungi. Hatukubaliani nao. Wazee wale walitoa kitu halisi, nyika za Serengeti, nasi tumekipokea na tunakitumia hata leo. Dunia nzima huja kuitazama Serengeti hiyo na kutulipa. Mrithi anayepokea shamba hupokea na deni lililo juu ya shamba. Hawezi kusema, "Ng'ombe nitawachukua, lakini aliyewakopa alikuwa babu." Ahadi ni deni, na madeni hayakufutwa na uhuru wa mwaka 1961.

Yaliyofuata msomaji ayapime mwenyewe. Mwaka 1974 askari waliwaondoa wakazi wa ndani ya Kreta. Wao wenyewe hushuhudia kwamba hawakuelezwa sababu. Mwaka 1975 kilimo kilikatazwa katika eneo lote. Mwaka 1992, njaa ilipozidi, Waziri Mkuu akaruhusu tena bustani ndogo ndogo. Mwaka 2009 katazo likarudi. Mama wa Endulen aliyezaliwa mwaka 1970 amekwisha kuona jembe lake likiharamishwa, likihalalishwa na kuharamishwa tena, na mara zote tatu hakuulizwa.

Sheria iliyorekebishwa mwaka 1975 iliipa Mamlaka ya Hifadhi kazi tatu pamoja: kulinda mali ya asili, kukuza utalii, na kulinda na kuendeleza masilahi ya Wamasai wafugaji. Ni mizigo mitatu juu ya punda mmoja. Fedha huingia kwa mzigo wa pili, sifa ya dunia kwa ule wa kwanza, na malalamiko yote hutoka katika wa tatu. Huhitaji kuwa mwovu ili mzigo wa tatu uanze kukuelemea. Hata Baraza la Wafugaji, lililoanzishwa ili wakazi wapate sauti, lilipata fedha zake kwa Mamlaka hiyo hiyo. Mtoto aweza kumlalamikia baba kwa upole tu, ikiwa baba ndiye anayempa nauli ya kwenda kushtaki.

Juni 2022 mambo mawili yalitukia. Wakazi wa kwanza wa Ngorongoro walihamishiwa Msomera, katika Wilaya ya Handeni, na Serikali ikawapa nyumba, ekari mbili na nusu za kiwanja na ekari tano za shamba. Wako waliokwenda kwa hiari na furaha, nasi hatuna haki ya kuwabeza. Wako pia wasemao kwamba hiari hupungua maana pale huduma zinapokauka mahali unapoishi. Tena Msomera nako palikuwa na watu kabla ya wageni kuja, nao wana malalamiko yao. Mwezi huo huo, huko Loliondo, kaskazini mwa wilaya, serikali ilipoweka mipaka ya kilomita za mraba 1,500, palitokea mapambano. Askari mmoja aliuawa. Wananchi wengi walijeruhiwa, na wengine walivuka mpaka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Watu zaidi ya ishirini, madiwani wakiwamo, walishtakiwa kwa mauaji, na Novemba mwaka huo mashtaka yakaondolewa.

Askari yule alikuwa mtoto wa mtu. Naye alikuwa ametumwa. Tunamkumbuka tunapomkumbuka Sarah Williams wa lango la Hendy, na hatumwelewi mtu awezaye kuwalilia waliojeruhiwa bila kumlilia huyu, au kumlilia huyu bila kuwalilia wale.

Kisha Agosti 2024 likatoka Tangazo la Serikali namba 673, lililofuta katika Ngorongoro kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96. Msomaji wa mjini aweza kudhani hayo ni mambo ya makaratasi. Sivyo. Kijiji kikifutwa, mwenyekiti wake hayupo. Kata ikifutwa, diwani hayupo. Na mtu mwenye shida hubaki na mlango mmoja tu wa kubisha, ule wa mwenye lango. Tarehe 18 Agosti watu wakajaa barabarani, wanawake wengi kati yao, wakaizuia njia ya magari ya watalii kwa siku kadhaa. Tarehe 22 Mahakama Kuu ya Arusha ikalisimamisha tangazo. Mara baada ya hapo waziri alifika kuzungumza nao, Desemba Rais akakutana na viongozi wa jamii hiyo mjini Arusha, na Februari 2025 zikaundwa tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi, nyingine ya uhamaji wa hiari.

Tafadhali tuone mpangilio wake. Ghasia hazikutulizwa na wingi wa askari. Zilianza kutulia palipoonekana mtu wa tatu, hakimu asiyepokea kiingilio cha lango. Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba amani hukaa pale ambapo kila kitu kimewekwa mahali pake panapostahili. Kimya kisicho na utaratibu huo si amani. Yezreeli nako kulikuwa kimya.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba mwaka 1959 wakazi walikuwa wapatao elfu nane, na leo ni laki moja; kwamba mifugo imeongezeka; kwamba msitu wa nyanda za juu ndio chemchemi ya maji ya Karatu; kwamba fedha za watalii hujenga shule na zahanati mpaka Mtwara. Hayo si maneno ya kudharauliwa. Maji tunayokunywa Karatu hutoka katika msitu ule, na mwenye kahawa ajua hasara yake msitu ukikatwa. Manufaa ya wote ni sheria ya kweli, na Mmasai naye hufungwa nayo. Haki ya kukaa si haki ya kuharibu. Lakini twauliza: nani ameshika mizani? Ikiwa yule anayepokea mapato ndiye peke yake anayehesabu ng'ombe, anayepima nyasi, anayesema zimekwisha, na anayeamua nani aondoke, basi hata akisema kweli tupu hataaminiwa. Kweli inayotoka kinywani mwa mdai huonekana kuwa dai.

Tumfikirie sasa kijana mmoja, mtendaji wa kata au afisa tarafa, hatutaji mahali. Amesoma, ana mke na watoto wawili, anawatunza wazazi wake Singida au Kagera. Asubuhi moja aletewa barua yenye mhuri: watu fulani waambiwe hivi, zahanati fulani isikarabatiwe, majina fulani yapelekwe kwa tarehe fulani. Kama barua ingemwamuru kusema uongo au kumwaga damu, katekisimu ingemtosha. Angekataa, na Mungu angemsaidia. Kama ingekuwa ya haki iliyo wazi, angeitimiza kwa upole. Taabu yake ni kwamba barua nyingi si za namna hizo mbili. Ni za mashaka. Yaonekana ina sababu, lakini sababu hazikuandikwa. Yaonekana itawaumiza watu, lakini labda walio juu wanajua jambo asilolijua yeye.

Wako watakaomwambia ajiuzulu. Ni rahisi kulipa kwa mshahara wa mtu mwingine, na mahali pake huenda akaletwa asiyejali. Sisi twadhani wajibu wake wa kwanza ni kukumbuka kwamba barua husafiri pande mbili. Yeye ndiye jicho la Serikali mahali pale. Serikali isipoona kwa jicho hilo haioni kabisa. Basi, kabla ya kutenda, na aandike aliyoyaona: zahanati hii huhudumia watu wangapi, mama gani atatembea saa ngapi akijifungua, watu walisema nini mkutanoni, hata maneno makali. Aombe sababu kwa maandishi. Na wananchi asiwadanganye kwamba amri ni wazo lake, wala kwamba ni jambo dogo. Tena asiwape siku mbili pale awezapo kuwaombea miezi miwili. Katika mambo ya watu maskini, muda ni nusu ya haki.

Labda ataletewa barua ya pili iliyo kali zaidi. Labda atahamishwa. Hatuwezi kumwahidi vingine. Wazee wa Yezreeli hawakuulizwa kwa nini hawakuanzisha vita dhidi ya Yezebeli. Lakini barua ziliwapitia, na hatusomi mahali popote kwamba hata mmoja wao alimrudishia mfalme neno, akamwambia, "Bwana wangu, mtu huyu tunamjua."

Nasi wa Karatu tuna fungu letu. Hoteli zetu, maduka yetu na magari yetu huishi kwa lango lile. Mahindi wasiyoruhusiwa kulima wao huuzwa na sisi, tena kwa bei tuitakayo mwaka wa ukame. Si kosa kuuza. Lakini mtu anayefaidika na shida ya jirani asiwe mwepesi wa kusema kwamba jirani hana shida, na tumeyasikia maneno hayo sokoni mara nyingi mno.

Kule Wales, Oktoba 1843, Serikali iliunda tume chini ya Thomas Frankland Lewis. Wajumbe hawakukaa London kuwangoja wakulima. Walikwenda katika miji yao, wakawasikiliza, wengine kwa wakalimani, na maneno yao yakapigwa chapa kitabuni, majina ya mahakimu na ya malango yakiwamo. Mwaka 1844 sheria ikavinyang'anya vyama vya wenyeji barabara zao, ikaziweka chini ya bodi za wilaya, na ushuru wa chokaa ukapunguzwa kwa nusu. Mabwana shamba hawakufukuzwa, wala kodi za mashamba hazikufutwa. Mengi yalibaki kama yalivyokuwa. Ila lango lilitengwa na kiti cha hukumu, na uvunjaji wa malango ukakoma.

Watu wa Endulen, Kakesio, Nainokanoka na Olbalbal walizungumza mbele ya wajumbe wa mwaka 2025. Wana haki ya kusomewa walivyoandikwa, neno kwa neno, kwa Kimasai, katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti wao waliyemchagua akiwa kitini.